Mti wa Kokwa au wa Kivuli Penye Baridi Kali?

Wengi hukosea pale wanapotaka mti mmoja uwape kokwa za kula, kama jozi, na kivuli pia, na mjozi mweusi (Juglans nigra) ndio unaowaponza. Unastahimili baridi ya karibu nyuzi -30 za Selsiasi, unarefuka na unazaa. Lakini huchelewa kuchanua majani na huyapukutisha mapema, hivyo kivuli chake ni cha msimu mfupi. Jozi huangukia paa na magari, na ganda lake bichi huacha doa jeusi lisilotoka. Juu ya hayo, mizizi yake hutoa jugloni, sumu inayonyausha nyanya, viazi na mitofaa. Bustani ya mboga ikae mita 15 au zaidi kutoka kwenye shina.

Kuna jambo ambalo lebo za miche hazisemi: kuhimili baridi si kuzaa. Mjozi unaweza kuvuka majira ya baridi salama, kisha jalidi (umande ulioganda) ya usiku mmoja, nyuzi -2 au -3, ikaunguza machipukizi na maua. Mavuno ya mwaka yamekwisha. Kwa hiyo usiulize tu baridi hushuka hadi wapi. Uliza pia jalidi ya mwisho huanguka lini. Penye jalidi za kuchelewa, usiupande bondeni ambako hewa baridi hutuama.

Kwa kokwa ningechagua mhazeli (Corylus). Ni kichaka cha mita 3 hadi 5, hutoa maua mwishoni mwa baridi, na huanza kuzaa baada ya miaka 3 hadi 5. Panda aina mbili tofauti zinazopatana, umbali usiozidi mita 15, kwa sababu mhazeli haujichavushi na chavua yake hubebwa na upepo. Mmoja peke yake utakupa majani tu.

Kivuli kipewe mti wake, upande wa magharibi wa nyumba, unakotoka mchomo wa jua la alasiri. Mwaloni wa Quercus macrocarpa na mti wa Tilia cordata yote huvumilia baridi kali sana. Mwaloni hukua polepole ila hauvunjiki ovyo. Tilia huvutia vidukari, wadudu wadogo wafyonzao majani, na utomvu wao mtamu hudondokea chochote kilichoegeshwa chini. Mti wa Acer saccharinum hukua haraka, lakini matawi yake hukatika yakilemewa na barafu. Usiuweke karibu na paa.

Mwaloni upandwe ungali mdogo, kabla mzizi mkuu haujajikunja ndani ya chungu. Shimo liwe pana mara 2 au 3 ya donge la mizizi, lakini kina kisizidi urefu wa donge: pale shina linapoanza kupanuka kuelekea mizizini lazima paonekane juu ya udongo. Pakizikwa, gome huoza taratibu, na mti hufa baada ya miaka kadhaa huku mwenyewe akilaumu baridi. Matandazo ya kufunika udongo yawe na unene wa sentimita 5 hadi 10, yasiguse shina. Kisha lizungushie wavu wa chuma unaopita kimo cha theluji, maana panya hutembea chini ya theluji na kutafuna gome pande zote.