Ile "ndiyo" ya Jumanne

Umeme umerudi sasa hivi. Wiki imekuwa nzito: tumemzika bibi wa Bombo, mlinzi mpya ameanza kazi, Habiba ameondoka na mzigo wake kwenda Juba. Ila kinachoninyima usingizi ni neno moja nililolitoa Jumanne, nimesimama mlangoni na mafaili mkononi.

"Musawo (ndivyo wagonjwa wanavyotuita sisi wahudumu wa afya), siku zangu zimerudi. Basi kizazi changu kimepona?"

"Ndiyo, mama."

Akatabasamu, akajifunga leso upya, akaenda. Ana miaka 33. Alimaliza kemo ya kansa ya titi mwaka jana, na kila asubuhi anameza tamoksifeni, dawa ya kuzuia homoni isiilishe kansa, miligramu 20.

Ndiyo! Yaani nilimjibu hivyo. Hedhi ikirudi inaonyesha kwamba ovari, vifuko vya mayai, zimeanza kufanya kazi. Mayai mangapi yamebaki, haisemi. Msichana anavunja ungo akiwa na mayai kama 300,000 hadi 400,000, wala hayaongezeki. Saiklofosfamaidi, moja ya dawa za kemo, inaua hata yaliyolala, na akiba inapungua kadiri dozi zinavyolundikana na umri unavyosogea. Wa miaka 25 na wa miaka 40 wakipata dripu zilezile za kemo, mdogo huenda akaziona siku zake baada ya miezi michache, mkubwa asizione tena. Na huyo mdogo anaweza kukoma hedhi mapema kuliko dada zake. Kipimo cha damu cha AMH, homoni inayotoka kwenye ovari, kinakisia akiba tu.

Kilichonichoma zaidi ni tamoksifeni. Dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni, nami nimemwambia kizazi kimepona! Hata asiyeona siku zake akiwa anaimeza anaweza kushika mimba, kwa hiyo kinga ni lazima: kondomu au kitanzi cha shaba. Sindano ya miezi mitatu na kipandikizi vina homoni, na kwa kansa ya titi hatuvitoi.

Anayetaka mtoto ana njia, lakini ina hesabu yake. Katika utafiti mmoja uliotoka 2023, wanawake wa miaka 42 kushuka chini, wenye kansa ya titi ya hatua za mwanzo inayolishwa na homoni, walitumia dawa za kuzuia homoni miezi 18 hadi 30 kwanza. Wakasimamisha, wakasubiri miezi 3 dawa itoke mwilini, wakapewa hadi miaka 2 ya kuzaa, kisha wakatakiwa kurudi kwenye dawa. Kwa miaka mitatu na kitu waliyofuatiliwa, kansa haikuwarudia zaidi ya wenzao wasiosimamisha. Ya muda mrefu bado yanafuatiliwa, na hilo nalo mama aambiwe. Kama dripu zilikuwa na doksorubisini, dawa ya kemo inayoweza kudhoofisha moyo, moyo upimwe kwa eko (ultrasaundi ya moyo) kabla ya mimba na tena akiwa nayo.

Na kwa nini swali la kizazi linakuja baada ya dripu ya mwisho, wakati mahali pake ni kabla ya ile ya kwanza? Kugandisha mayai kunahitaji sindano za homoni siku 10 hadi 14 tu, na Uganda ilipata mtoto wake wa kwanza wa IVF, yaani mimba iliyotungwa maabara, mwaka 2004. Gharama ni kubwa, najua. Hata hivyo ipo sindano ya goserelini, miligramu 3.6 chini ya ngozi ya tumbo kila siku 28, ya kwanza angalau wiki moja kabla ya kemo, ili ovari zilale. Hailindi kila mtu. Lakini mama atajiwe, achague mwenyewe!

Leo mchana nikampigia. Alikuwa sokoni, makelele matupu.

"Mama, Jumanne nilikujibu vibaya."

"Musawo, nilitaka neno la kumpelekea mama mkwe. Dawa nameza, na mpira tunatumia."

Nilikaa chini kwa furaha. Nikamwambia aje na mume wake tuongee na daktari, kwa sababu ameshameza miezi 11 na hesabu inaanzia 18.

"Saba," akasema, kabla sijamaliza. Kisha akamgeukia mteja wa nyanya.

Habiba alisema angepiga akishavuka Elegu, mpakani na Sudan Kusini. Hiyo ni jana saa sita mchana. Simu yake haipatikani mpaka sasa.