Siku diski ya proksi ilipojaa

Saa 1:40 asubuhi. Niko kwenye daladala, simu inaita. Ni kijana tunayefanya naye kazi chuoni. "Shikamoo kaka. Intaneti imegoma maabara zote mbili." Squid, programu ya proksi ambayo kompyuta za maabara hupitia kwenda intaneti, imezima, ameiwasha mara mbili, inakaa dakika chache inazima tena. Na leo saa 6 mchana ndiyo mwisho wa wanafunzi kutuma kazi zao.

Saa 2:15. Naiwasha kwa `squid -N -d1` ili iseme kwenye skrini. Kosa namba 28: hakuna nafasi ya kuandika. `df -h`, amri ya kuonyesha nafasi ya diski, inathibitisha: /var, sehemu zinapokaa logi, imejaa asilimia 100. access.log, logi inayoandika kila ombi linalopita, peke yake ina GB 31. Nataka kuibana kwa gzip, nakumbuka nayo inahitaji pa kuweka faili jipya. Basi nahamishia logi za zamani kwenye diski ya nje, nawasha Squid. Kurasa zinafunguka.

Saa 4 kasoro. Kijana, kwa nia njema kabisa, anafuta access.log huku Squid inafanya kazi. `df` haishuki hata kidogo. "Kaka, hii diski mbovu." Navuta kiti nikae naye, maana jambo hili nami lilinisumbua siku nyingi. Tunaandika `lsof +L1`, amri ya kuorodhesha mafaili yaliyofutwa lakini bado yameshikiliwa na programu: faili lile lipo palepale, GB 31, pembeni limeandikwa deleted. Jina ndilo lililofutika. Squid bado imelishikilia, na nafasi hairudi mpaka iliachie. Anaandika mwenyewe `squid -k rotate`, Squid ifunge logi ya zamani na kufungua mpya. Kutoka asilimia 96 hadi 38. Uso wake ulivyong'aa!

Saa 5. Lakini GB 31 zimetoka wapi? Natazama logi mpya kwa `tail -f`. Mistari inamiminika, anwani ileile, TCP_DENIED/403, TCP_DENIED/403, yaani ombi limekataliwa. Kompyuta moja ya dirishani, maabara ya pili, ina programu inayotafuta sasisho kwenye tovuti tuliyoifunga. Ikikataliwa inaomba tena papo hapo. Naiondoa.

Mchana wote ni wa kurekebisha. logrotate, programu ya kuzungusha logi zisijae, ilikuwa inapita mara moja kwa wiki. Sasa ni kila siku. cache_dir, ghala la kurasa ambazo Squid inazihifadhi, naipunguza pia, kwa sababu kiwango chake hakihesabu logi, na mimi ndiye niliyekiweka karibu sawa na diski nzima. Kisha onyo la barua pepe /var ikifika asilimia 80.

Saa 11 jioni, `df -h` ya mwisho: 39.