Magamba ya Mjomba

Juzi binti yangu, katikati ya kuchambua mchele, kaniuliza: "Mama, mbona kaka yake baba namwita baba mdogo, lakini kaka yako wewe ni mjomba?" Nikamjibu ovyo tu. Akili ilishakwenda wodini, kwa yule mama wa wiki 42.

Uchungu uligoma. Mlango wa kizazi mgumu kama ncha ya pua, alama za Bishop, kipimo cha utayari wa mlango huo, 3 tu. Hapo hulainishwa kwanza: katheta ya Foley, mpira mwembamba wenye puto la mililita 50, saa 12. Sisi tukakimbilia dripu, oksitosini, dawa ya kuleta uchungu, yuniti 2.5 kwenye mililita 500, matone 10 kwa dakika, tukipandisha 10 kila nusu saa hadi 60. Kizazi kikabana bure. Akazaa kwa kisu, mtoto wa kiume, analia vizuri.

Wiki ya sita akaja kliniki na kaka yake. Mtoto ana magamba tumboni na miguuni. Nikauliza, na sauti yangu haikuwa nzuri, "Mnamwogesha kweli huyu?"

Mama akainamisha kichwa. Kaka mtu akainama, akakunja suruali taratibu, pindo baada ya pindo, hadi gotini. Harufu ya mafuta ya nazi ikajaa chumba. Muundi wote ulikuwa wa kahawia, umekatikakatika kama tope la bondeni lililopigwa na jua. Shingo ungesema haijaona sabuni. Viganja, laini kabisa.

"Sista," akasema, "huyu ni mimi. Na mjomba wangu naye alikuwa hivi."

Magamba haya hutokana na hitilafu ya jeni ya STS, inayotengeneza kimeng'enya, nayo iko kwenye kromosomu X. Mama ana X mbili, moja nzima inamtosha, ngozi yake haina neno. Mvulana ana moja, na huipata kwa mama. Kazi ya kimeng'enya hicho ni kubandua salfeti, kipande cha kemikali kinachonata kwenye molekuli nyingine. Kikikosekana kwenye ngozi, kolesteroli yenye salfeti hurundikana na seli zilizokufa hazing'oki. Kondo nalo hukitumia hichohicho: homoni ghafi kutoka tezi za adrenali za mtoto huja na salfeti, na isipobanduliwa, estrioli ya mama, homoni inayotokana nayo, hubaki chini. Pengine ndiyo maana mlango ule wa kizazi haukuiva. Pengine.

Nikapapasa korodani, maana kwa watoto hawa moja huweza kubaki juu. Zote zipo. Nikawaelekeza: maji ya uvuguvugu, kisha mafuta mazito ya mgando ngozi ikiwa bado mbichi, isisubiri kukauka. Krimu ya urea ya asilimia 10 baadaye, huchoma penye nyufa. Ya asidi ya salisiliki wasimpake kichanga, hupenya hadi kwenye damu.

Kwenye kadi niliandika yote hayo. Lile swali la kuogesha sikuliombea radhi, yule kaka alikuwa anakunjua suruali, nami nikaita, "Anayefuata."