Neno la shemeji kuhusu Sémélé

Wiki hii kaka kapeleka posa, Mama katoka hospitali salama, shuleni tumeletewa mwalimu mkuu mpya. Alhamdulillahi kwa yote. Ila kichwani mwangu limebaki neno moja la shemeji, Jumapili tukiwa mezani, yeye akichambua miba ya changu: "Kitu Wafaransa wenyewe walikikataa, wewe mtu wa Tanga unakililia nini?"

Wote wakacheka, hata Dada. Mimi nikasema tu, "Haya, shemeji," nikamwongezea maji.

Alikuwa kaniuliza mbona macho mekundu, nami nikamweleza habari za *Sémélé*, opera ya Kifaransa, yaani mchezo unaoimbwa. Ni ya Marin Marais, yule yule mpiga viola, ala ya nyuzi, mtoto wa fundi viatu wa Paris, niliyewaandikia habari zake mwaka jana. Mwaka 1706 *Alcyone* yake iliwashika watu, hasa ile tufani ya baharini. Tarehe 9 Aprili 1709 akarudi na *Sémélé*, mashairi ya Houdar de la Motte, yule yule aliyeandika ya *Alcyone*, na safari hii ikaanguka. Marais aliishi hadi 1728 na hakutunga opera nyingine.

"Walikikataa." Nasahihisha madaftari, nalisikia. Napanda daladala, nalisikia. Nani aliyekataa, shemeji? Majira ya baridi ya mwaka ule mto Seine wa Paris uliganda, ngano ikafia shambani, mkate ukawa hauguswi kwa bei, na vita vya mfalme Louis XIV havijaisha. Mji wenye njaa namna ile unakataa mengi. Mimi siuhesabu kuwa ni hukumu juu ya muziki. Haya ndiyo ningemjibu, na kila nikiyapanga upya nasikia kicheko cha Dada.

Jana usiku nikaisikiliza tena. Junon, mke wa mungu mkuu Jupiter, anakuja kwa sura ya Béroé, yaya mzee wa nyumbani, anamtilia shaka moyoni Sémélé, binti anayependwa na Jupiter: kama kweli mpenzi wako ni Jupiter, mwambie aje na utukufu wake wote. Neno moja tu, la mtu wa ndani, na binti hapati tena usingizi mpaka aombe ombi litakalomwunguza. Kisha ardhi inatetemeka, nyuzi nzito zinanguruma chini na kwaya juu yake inalia, nami nikapandisha sauti mpaka mwisho. Nikajikuta natabasamu peke yangu gizani. Shemeji na aseme. Na Marais hakuvunja viola yake: mwaka 1711 alichapisha kitabu cha tatu cha vipande vyake, na vitabu vingine viwili vikafuata. Hilo limenifurahisha kuliko jibu lolote ambalo ningempa mtu mezani.

Asubuhi, nikitandika kitanda cha Mama, nimekuta vidonge vya presha chini ya godoro, vingi. Daktari anamtaka Alhamisi. Sijui nimwambie Dada kwanza, au nimkabili Mama mwenyewe.