Chuku leo Ujiji

Nimetoka kupigwa chuku sasa hivi, hapa Ujiji, yaani hijama, vikombe vya kuvuta ngozi. Chuku kavu, bila kuchanjwa.

Mnaojua ninavyotafuta mtoto mnaelewa kwa nini.

Mama wa hijama alibandika vikombe mgongoni na kiunoni, ngozi ikavutwa juu, joto likasambaa.

Lakini kabla hajaanza aliniuliza: "Mwanangu, mirija ya uzazi umepima? Na mume, mbegu amepima?"

Machozi yakanitoka. Miaka yote hii naulizwa mimi tu. Mume wangu hajawahi kuulizwa na mtu, si kwetu wala ukweni!

Akaniambia wazi kuwa vikombe havizibui mirija. Vinalegeza mwili na kutuliza mawazo, kliniki nisiache.

Nimempenda sana.

Dada zangu mliopitia hijama, mlijisikiaje? Na waume zenu walikubali kupima?