Nimekutana na chewa Port-Cros

Jumamosi nilivuka kwa boti kutoka Hyères, kusini mwa Ufaransa, hadi kisiwa cha Port-Cros. Ni hifadhi ya taifa tangu 1963, nchi kavu na bahari yake pamoja.

Niliingia majini ufuo wa La Palud na miwani yangu ya kuzamia. Baridi hiyo, jamani! Chini yangu majani marefu kama utepe yanayumba, posidonia. Wengi huuita mwani, lakini ni mmea kamili: una mizizi, maua, na tunda linalofanana na zeituni. Shina lake hutambaa sentimita chache tu kwa mwaka, kwa hiyo nanga moja ikiburutwa pale inang'oa kazi ya miaka mingi. Hilo linaniuma sana.

Halafu nikamwona. Chewa! Katulia mdomoni mwa pango, midomo minene, madoa meupe kwenye ngozi ya kahawia, mapezi yanapepea taratibu, ananitazama. Mimi mtoto wa Tanga, chewa nimemzoea sokoni, si hivi uso kwa uso. Katika pwani hii ya Ufaransa, wazamiaji wanaowinda kwa mishale walikaribia kummaliza, mpaka mwaka 1993 wakapigwa marufuku kumwinda. Huanza maisha akiwa jike, akizeeka hugeuka dume. Ukivua wakubwa tu, madume wanakwisha.

Ufuoni majani makavu yamerundikana, hayazolewi, maana ndiyo yanayozuia mawimbi yasile mchanga. Niliokota kimpira cha nyuzi za posidonia kilichosokotwa na bahari, nikakinusa, nikakirudisha pale pale.