Kwa nini seli T huchelewa kuamua kuwa seli T

Anayehudhuria CTC, kliniki ya matibabu ya VVU, Unguja au Pemba, jina CD4 analijua: ni alama iliyo juu ya aina moja ya seli T, seli nyeupe za damu zinazoongoza kinga ya mwili. Mtu mzima mwenye afya huwa na seli zenye alama hiyo baina ya 500 na 1,500 kwa kila mikrolita ya damu. Zikishuka chini ya 200, maradhi huhesabiwa kuwa yamefika mbali. Waulize wanafunzi wa afya seli hizo zinatoka wapi, wengi watakujibu "thaimasi" na kunyamaza. Jibu ni sahihi, ila limeruka sehemu tamu kuliko zote: siku za kabla CD4 haijachomoza, wakati seli ingali na uwezo wa kuwa kitu chengine kabisa.

Seli inayoingia thaimasi, ile tezi iliyopo nyuma ya mfupa wa kidari, imetoka kwenye uboho na bado si seli T. Ukiitoa humo ukailea pengine, inaweza kuzaa seli za NK (zinazoua seli zenye virusi), za dendriti (zinazoonesha kinga vipande vya vijidudu), hata makrofeji (zinazomeza vijidudu). Mengi ninayoyaeleza yamepimwa kwa panya wa maabara. Kwa binadamu mpangilio unafanana, alama za juu ya seli ndizo zinazotofautiana.

Amri ya kwanza hutoka nje. Seli za thaimasi zinazojenga tezi hubeba protini ya DLL4 juu yao. Ikigusana na Notch1, kipokezi kilicho juu ya seli changa, kimeng'enya cha gama-sekretasi hukata kipande cha ndani cha Notch1, nacho huingia kwenye kiini, kikashikamana na protini ya RBPJ na kuamsha jeni, zikiwemo Tcf7, inayotengeneza protini ya TCF-1, na Gata3, inayotengeneza GATA3. Kwa alama mbili za juu ya seli, Kit na CD25, hatua kwa mpangilio ni hizi: ETP, ya mwanzo, ina Kit nyingi na haina CD25, DN2a imeshapata CD25, DN2b Kit imeanza kushuka, DN3 Kit karibu imekwisha, na vimeng'enya vya RAG1 na RAG2 vimo kazini kukata na kuunga jeni ya mnyororo wa beta wa kipokezi cha seli T.

Vitabu vingi huiandika Notch kama kwamba ndiyo inayoamua. Ingekuwa hivyo, mambo yangekwisha mapema. Katika ETP na DN2a bado kuna PU.1 tele, protini ya ukoo wa makrofeji, na ujanja wake ni kuwa haitosheki na jeni zake: huivuta Runx1, protini nyengine inayoongoza jeni, kutoka sehemu nyengine za DNA ikafanye kazi pamoja nayo. Izime Notch wakati huu kwa kuzuia gama-sekretasi kwa dawa ya maabara ya DAPT, na seli hukimbilia njia nyengine.

Uamuzi wenyewe uko kwa jeni ya Bcl11b, inayowaka baina ya DN2a na DN2b. Mwaka 2010 makundi matatu ya watafiti yalionesha kuwa bila yake seli hukwama, na baadhi huchukua tabia za NK. Kuiwasha kunahitaji Notch, TCF-1, GATA3 na Runx1. Hapa ndipo penye mtihani: zote zikiwepo, jeni bado inaweza kukaa kimya kwa siku kadhaa. Watafiti walizitia nakala zake mbili rangi tofauti, wakaona ndani ya seli moja nakala moja imewaka na ya pili imelala. Kiini ni kimoja na protini ni zile zile, kwa hiyo kikwazo kipo kwenye kromatini (DNA pamoja na protini inazozungushiwa) ya nakala yenyewe, iliyobanwa kwa H3K27me3, alama ya kemikali inayozima jeni. Ni mlango wa Mji Mkongwe: ubao mmoja umefunguliwa, wa pili bado una komeo.

Kwa wanaolea seli hizi maabara, mfumo wa OP9-DL1 wa mwaka 2002, yaani tabaka la seli lezi za OP9 zilizotiwa DL1, ndugu wa DLL4, ungali mzuri: kiowevu cha MEM-alfa chenye seramu asilimia 20, nyuzi 37, CO2 asilimia 5, protini za kukuza seli, IL-7 na Flt3L, nanogramu 5 kwa mililita kila moja. Kila siku 4 au 5 chuja seli, uzihamishie kwenye tabaka jipya. OP9 zikiachwa zisongamane hugeuka seli za mafuta na ulezi unaharibika. Zigawe zikifika kama asilimia 80. Ukiona seli B zimejaa, shuku kuwa DL1 imepotea. Zikiganda DN2, tazama IL-7: ikizidi huzizuia hapo hapo, na kuipunguza huzisukuma mbele.

Kwa binadamu, zaidi ya nusu ya saratani za damu aina ya T-ALL zina mabadiliko katika NOTCH1. Na kuna watoto wanaozaliwa bila seli T kwa hitilafu ya jeni za RAG1, IL7R (ya kipokezi cha IL-7), na kwa nadra BCL11B. Kwetu hilo lina uzito wake, maana BCG, chanjo ya kifua kikuu, ina bakteria hai wanaoweza kumdhuru mtoto asiye na seli T, na hutolewa mtoto akizaliwa tu. Kichanga mwenye utando mweupe mdomoni usioisha, haongezeki uzito, na limfosaiti zake (kundi la seli nyeupe lenye seli T ndani yake) ziko chini ya 3,000 kwa mikrolita, FBP yake (kipimo kamili cha damu) irudiwe, na chanjo nyengine zilizo hai, kama ya rota, zisubiri majibu.